Kifungashio cha Mama Lidia

Mtu asikwambie kwamba kufunga wali na mchuzi wa samaki ni kazi ndogo. Mimi, Gertrude, muuza chakula wa stendi ya Mbinga, imenichukua miaka miwili, na nisingekuwa na kichwa kigumu ningeacha mwezi wa kwanza.

Yote yalianza mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Abiria wa basi hana muda wa kukaa kwenye benchi langu, anataka chakula akakilie njiani. Wenzangu wakakimbilia yale maboksi meupe mepesi yanayovunjika ukiyabonyeza, kisha yanajaa mitaroni hadi mvua iyasombe. Mimi niliyachukia. Nikakumbuka majani ya mgomba ambayo mama alitufungia ugali tulipokwenda kupalilia kahawa kule Maguu. Lakini ugali mkavu si mchuzi wa mbasa, samaki wetu wa ziwani. Kifurushi changu cha kwanza kilimvujia abiria mmoja wa Liparamba kwenye suruali nyeupe, akanitukana mbele ya stendi nzima, na alikuwa na haki.

Sikukata tamaa. Nilijifunza kubabua jani juu ya moto mpaka lilainike lisichanike. Nikapishanisha majani mawili, na chini nikaweka kitako nilichosuka kwa maganda makavu ya mgomba, ili kifurushi kikae bila kuyumba kama mlevi. Mchuzi nikautengea mfuko wake wa jani pembeni. Mwisho nikafunga ukambaa, kamba ya maganda hayo hayo, kwa namna yangu: unauvuta mara moja, kwa mkono mmoja, kifurushi kinafunguka na kuwa sahani. Ukishiba, unampa mbuzi. Cleopa wa bodaboda alikibeba hadi Maguu na kurudi, kwenye mashimo yale yote, akakifungua akiwa juu ya pikipiki na kula bila kushuka.

"Mama Lidia," akasema, "hiki kinastahili cheti."

Hapa stendi hakuna anayeniita Gertrude. Naitwa kwa jina la binti yangu, mtoto wangu wa pekee.

Mwaka jana tukasikia kwamba mradi mmoja wa kutunza fukwe za ziwa unatafuta kifungashio cha chakula kisichochafua maji. Mshindi angepewa mashine ya kubana majani, na kazi ya kuwafungashia wauza chakula wote wa ufukweni Mbamba Bay. Nilikitaka kitu hicho kwa moyo wangu wote. Na nasema wazi, sikutaka mashine tu, nilitaka jina langu lisomwe watu wakisikia. Miaka thelathini nimeinama kwenye moshi, na hakuna karatasi yenye jina langu ambayo mtu amewahi kuisoma kwa sauti, labda ile ya ubatizo.

Fomu ilijazwa kwa kompyuta. Kompyuta alikuwa nayo mkwe wangu, Steven, mwalimu wa sekondari, mume wa Lidia. Sasa hapo ndipo penye kisa. Mimi nililelewa kwamba mkwe haongei na mama mkwe wake ana kwa ana. Hatupeani mikono, hatutazamani usoni, hatuli meza moja, na jina lake nilikuwa silitamki. Wenzetu wengi wa mjini wameshayaacha hayo. Mimi na Steven tuliyashika kwa miaka saba, na nilijisifu nayo kanisani, kwamba nina mkwe mwenye adabu. Tulipokuwa na neno, Lidia alilibeba.

Kwa hiyo Lidia alikuja kupiga picha vifurushi vyangu. Lidia aliandika nilivyoeleza, jani hili, pindo lile, ukambaa unavyozungushwa. Nikamwambia, "Muulize mwenzio, jina langu ameliandika vizuri? Lote?"

Alirudi kesho yake. "Shikamoo mama. Amesema usiwe na wasiwasi."

Nikatuma tena, na tena. Jibu likawa hilo hilo, na mimi nikalala usingizi mnono.

Siku ya kutangaza washindi tulishuka Mbamba Bay asubuhi, mimi na jirani yangu Notburga, nimevaa kitenge kipya. Walikuwa wametandaza meza mchangani, vifungashio vya watu vimepangwa. Nilipokiona changu katikati, machozi yalinilengalenga. Mgeni rasmi akachukua kipaza sauti. Mshindi wa kwanza, akasema, ni mbunifu kijana kutoka Mbinga. Akamtaja Lidia.

Mwanangu, aliyetangulia kufika na mumewe, akasimama. Akavuta ukambaa kwa mkono mmoja, kifurushi kikafunguka, watu wakapiga makofi. Akaeleza kila kitu kwa maneno yangu, hata lile la mbuzi, nao wakacheka pale pale ambapo wateja wangu hucheka. Notburga akanikumbatia. "Hongera, Mama Lidia, wewe umezaa!"

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto. Nikasema moyoni, huyu ni Steven. Msomi huyu amekaa kwenye kompyuta yake akaona mzee hajui kitu, akaandika jina la mkewe ili mali iingie nyumbani kwake. Nikasimama, nikavuka meza zile zote hadi alipokaa, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Steven! Mwizi mkubwa wewe! Nimekupa mke, umeona haitoshi?"

Watu wakageuka kututazama. Hata mgeni rasmi akashusha kipaza sauti. Steven akapiga magoti mchangani, kichwa chini, mbele ya wanafunzi wake waliokuja kuimba.

"Mama, nisamehe," akasema. "Nilimtuma Lidia kwako mara tatu, akuulize jina lako lote liandikweje. Kila mara alirudi akasema mama hataki, mambo ya ofisi yanamchosha, niandike la kwake."

Nikamgeukia Lidia. Alikuwa amekibana cheti kifuani, na hakukana.

"Mama, umri wako umekwenda," alisema kwa sauti ya chini. "Mashine ungeifanyia nini? Si ni yetu sote?"

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi kilikuwa kinanijibu kwa upole. Sikumpiga, wala sikumlaani. Nilikosa nguvu ya vyote viwili, nikapanda gari la kurudi Mbinga.

Mashine imefungwa nyumbani kwao. Mimi bado nauza stendi, na wateja wananipongeza kwa kulea vizuri. Hilo nalimeza. Lisilomezeka ni la Steven. Nimemwita mwizi hadharani mtu asiye na kosa, na ninatakiwa kumwomba radhi. Nilimfuata njiani mara mbili, na mara mbili alijifunika uso akakatiza shambani kwa watu. Amerudi kwenye adabu yake, ameongeza na aibu. Neno la ukwe halibebwi na jirani, na sina wa kumtuma ila mmoja.

Nikamtuma. Jumapili baada ya misa Lidia alikuja, akakaa, akanitazama bila kupepesa.

"Mama, Steven anasema amekusamehe."

Nikamshukuru. Sijui kama Steven alisema hivyo, au kama aliambiwa chochote.