Mama Clotilde mbele ya mlango wa Florence

Mama Clotilde alikuwa amefua shaba miaka thelathini katika mtaa wa Panda, mjini Likasi. Marehemu mume wake, Stanislas, ndiye aliyemfundisha: unapasha bamba la shaba moto, unalilaza juu ya mfuko wa mchanga, unaligonga kwa nyuma mpaka sura ya mtu ichomoze upande wa pili. Mabamba yake yalitundikwa maofisini na katika nyumba za mapadri. Yeye mwenyewe hakuwahi kutoka nchini, hadi bintiye Arlette, muuguzi mjini Roma, alipomtumia tiketi ya ndege.

Siku ya nne baada ya kufika Roma, Arlette alimwambia wanakwenda Florence kwa treni.

"Iko mbali?"

"Saa moja na nusu tu, mama."

Clotilde hakuamini. Treni aliyoijua yeye ni ile iliyompeleka Kamina zamani, akalala ndani yake siku mbili. Hii ilitoka kituoni bila hata kutikisika. Juu ya mlango namba za mwendo zilikuwa zinapanda: 180, 220, 248. Alibandika paji la uso kwenye kioo. Mashamba ya mizabibu, vijiji vya mawe juu ya vilima, giza la handaki, halafu mwanga tena. Arlette alimpa mkate na mayai, akakataa asije akapitwa na kitu.

"Utakula wapi sasa?"

"Nitakula Likasi."

Florence walitembea kwa miguu mpaka kwenye uwanja wa kanisa kuu. Hapo, kwenye nyumba ya ubatizo yenye pembe nane, ulisimama mlango wa dhahabu wenye picha kumi za Biblia. Watu walikuwa wameinua simu. Clotilde alijipenyeza mpaka kwenye vyuma vya uzio, akatazama kwa muda mrefu. Arlette alingoja kumwona akifurahi, lakini mama yake alikunja uso.

"Arlette, huu mulango haiko ya zamani."

"Mama, njo yenyewe," Arlette alimhakikishia. "Iko na miaka karibu mia sita."

"Hapana. Angaria dhahabu, iko sawasawa kila fasi, hata ndani ya mikunjo ya manguo. Mvula ya miaka yote ile haiwezi kuacha kintu hivi. Minye niko napika mukuba, hii shaba, tangu mbele weye uzaliwe."

Arlette aliona haya, akamshika mkono waondoke. Lakini Clotilde alikwisha kumfikia mzee mmoja aliyekuwa akiongoza kundi la watalii Wafaransa, akamwuliza kwa Kifaransa kama mlango huu ni wa kweli.

Mzee alimgeukia. "Nani amekuambia, mama?"

"Hakuna mtu. Nimeona mwenyewe."

"Umeona vizuri. Huu ni nakala. Wa kweli waliuondoa ili usiharibike. Uko kwenye jumba la makumbusho, nyuma ya kanisa."

Clotilde alitembea haraka hata Arlette akalazimika kukimbia. Ndani, nyuma ya kioo kirefu, waliukuta. Dhahabu yake ilikuwa na mikwaruzo na mabaka meusi.

"Njo huu," Clotilde alisema kwa sauti ndogo. Aliketi sakafuni.

Hapo ndipo alipoona kilichomshinda miaka yote. Katika zile picha, watu wa mbele walichomoza mpaka vichwa vikasimama peke yao hewani. Wa nyuma walikuwa mistari tu, myembamba kama unywele, na jicho likaona umbali. Yeye alikuwa akiwagonga wote kimo kimoja. Aliomba kalamu, akachora nyuma ya tiketi ya makumbusho, ilipojaa akachora hata mkononi mwake. Treni ya kurudi iliwaacha, wakapanda iliyofuata.

Aliporudi Likasi alianza bamba lenye picha ya soko la Kikula. Kichwa cha mwanamke wa mbele kilipasuka shingoni. La pili nalo likapasuka palepale. Gracien, fundi mwenzake wa karakana, alimwambia arudie mtindo wake wa zamani, kwa kuwa wateja wameuzoea.

"Batazoea na huu," Clotilde alisema, akaweka bamba jingine motoni. Safari hii aligonga kidogo, akapasha tena, akagonga kidogo, siku tisa.

Bamba likashika bila kupasuka. Gracien alilipeleka dirishani. Kivuli cha kichwa kilianguka begani mwa yule mwanamke, na nyuma yake vibanda vilififia mpaka mlimani. Aliligeuza, akalikagua shingoni kwa kidole, kisha akavuta kigoda.

"Mama Clotilde," alisema, "nionyeshe tangu mwanzo."