Siku Tadros Alipokuwa Mlango

Kabla sijasema mabaya juu ya Tadros, na nitasema mengi, ijulikane kwamba hakuna mwanafunzi mwingine katika bweni letu aliyewahi kutafuta mahali pa kusali kwa bidii ambayo wengine hutafutia mahali pa kuvutia sigara.

Chanzo kilikuwa padri wake wa maungamo. Kwaresima ilipoanza, kila mmoja wetu alipewa kanuni yake, yaani zoezi la roho la kubeba mpaka Pasaka. Zangu zilikuwa za kawaida: nisujudu asubuhi, nisome zaburi jioni, nikome kuigiza sauti ya askofu. Tadros akapewa jambo la ajabu. Aliambiwa aweke kando kitabu cha sala za saa, ambacho anakijua chote kwa kichwa, aingie mahali pa siri, afunge mlango, amwambie Mungu jambo moja kwa maneno yake mwenyewe.

"Jambo gani?" nikamwuliza.

"Ningekwambia ingekuwa siri?"

"Mimi ni rafiki yako."

"Bishara, wewe ni redio."

Haya sasa, nionyesheni mlango unaofungika katika shule ya bweni. Alijaribu ndani ya kabati, na kabati likaanguka naye. Alijaribu chooni, watu wakagonga kwa ngumi wakimwuliza kama anazaa. Alipanda darini, akakuta njiwa wa mlinzi, na mlinzi mwenyewe, na shemeji yake mlinzi. Kwaresima ikafika wiki ya mwisho, Tadros hajamwambia Mungu kitu, na usoni amekuwa kama mtu aliyebanwa na haja ambayo haina choo.

Ndipo shule ikatupeleka monasterini, kule kwenye milima mikavu karibu na Bahari ya Shamu. Juu ya monasteri kuna pango la mkaa pweke wa zamani sana, mtawa aliyejitenga na watu. Mlango wake ni ufa tu katika jabali. Unalala kifudifudi, unajisukuma kwa viwiko kama nyoka mwenye madhambi, halafu unatokea kwenye chumba kidogo chenye giza, ambamo yule mtakatifu alisali mpaka akasahau ladha ya mkate.

"Ni leo," Tadros aliniambia kwenye basi. "Wote wakienda kula, mimi napanda pangoni."

"Mwaka juzi ulipita kwa shida, Nyati," nikasema, maana ndilo jina tulilompa bwenini kwa ajili ya umbo lake.

"Mwaka juzi sikuwa nimefunga vizuri. Mwaka huu sijakosa hata siku moja. Nimepungua."

Nikamtazama. Mfungo wetu hauna nyama, maziwa, mayai wala jibini, na wageni hudhani tunakonda. Hawajui habari za bajia za maharage zinazoogelea mafutani, wala mkate wa moto, wala halua ya ufuta inayoliwa kwa kijiko kikubwa kwa sababu haina dhambi. Tadros alikuwa amefunga kwa imani kubwa. Vifungo vya shati lake vilikuwa vinashuhudia.

Sikumkatisha tamaa, kwa kuwa nilikuwa nimeshapata wazo. Ningetangulia pangoni, nijikunje kwenye kona ya giza, na Tadros akimaliza ombi lake, yule mkaa pweke amjibu mwenyewe kutoka kaburini. Sauti nilikuwa nimeifanyia mazoezi bafuni: nzito, yenye vumbi, kama mlango wa ghala. Mungu akikupa kipaji, ni ukosefu wa adabu kukiacha kilale.

Basi wenzetu wakashuka kwenda kula, nami nikapenya kwenye ufa haraka kama panzi. Nikajikunja. Haikupita muda nikasikia mtu anakohoa, jabali linakwaruzwa, mwanga wa nje unazimika. Kichwa cha Tadros kikatokeza upande wangu, halafu mkono mmoja, halafu havikutokeza vingine. Alikuwa amekwama hapo hapo. Yeye hakujua. Alidhani amefika.

Akashusha pumzi, akaanza.

"Bwana, ni mimi, Tadros. Samahani nimechelewa."

Nikafungua mdomo nimjibu kwa sauti ya kaburini. Lakini yeye akaendelea, akalisema lile jambo lake moja. Alilisema taratibu, bila "Ewe" na bila "Amina", kama anavyoongea na mama yake kwa simu akidhani bweni zima limelala. Mdomo wangu ukabaki wazi bila kazi. Alichosema sitakiandika hapa.

Alipomaliza akataka kurudi nyuma. Hakurudi. Akasukuma mbele. Hakwenda.

"Yesu wangu," akasema, na hiyo haikuwa sala, ilikuwa taarifa.

"Tulia, Nyati."

Akapiga ukelele ambao naamini ulisikika mpaka ng'ambo ya bahari. "Nani huyo?"

"Mimi. Bishara."

"Bishara! Unafanya nini humo?"

"Nilikuja kusali."

"Muongo mkubwa! Nikitoka nakuua!"

"Basi toka kwanza, ndiyo kikwazo chetu."

Akapigana na jabali. Kadiri alivyopigana ndivyo kifua chake kilivyotuna, na kadiri kilivyotuna ndivyo jabali lilivyomkumbatia. Nikavuta mkono wake, akalia. Nikasukuma kichwa chake, akaning'ata kidole. Halafu kupumua kwake kukabadilika. Kukawa kufupi, kwa juu juu, kama mbwa juani, na mkono niliokuwa nimeushika ukaanza kuwa wa baridi. Hapo mzaha wote ukanitoka miguuni. Mbele yangu rafiki yangu anakosa pumzi, nyuma yangu mwamba, na tundu pekee la kutokea ndilo limejaa rafiki yangu.

"Jamani!" nikapiga kelele. "Jamani, nje!"

Kumbe ule ukelele ulikuwa umewaleta. Tukasikia miguu, vicheko, halafu sauti ya Ustadh Rifaat, mwalimu wetu wa dini, ikitetemeka: "Leteni mafuta! Yale ya jikoni, ya kukaangia!"

"Huyu si bajia, Ustadh," ikajibu sauti nyingine, nene na yenye furaha isiyofaa kwa wakati ule. Ilikuwa ya Abuna Sarabamon, mtawa anayelinda pango, jitu lenye mikono kama majembe. "Wewe wa ndani! Unanisikia?"

"Nakusikia, Abuna!"

"Mwenzio anapumuaje?"

"Vibaya! Kama mbwa!"

"Sasa sikia wewe, maana yeye kwa hofu aliyonayo hatasikia neno. Unajua sala ya jina?"

Nani asiyeijua? Bwana Yesu Kristo, unihurumie. Watawa huisema kutwa nzima wakifua, wakichota maji, wakikatakata vitunguu.

"Aivute na pumzi," akasema Abuna. "Akitaja jina, avute ndani, polepole. Akifika kwenye 'unihurumie', aitoe yote mpaka tumbo liguse mgongo. Pumzi ikiisha, ndipo mimi navuta miguu. Lakini aitoe yote! Akiibakiza kidogo, namng'oa magoti bure. Yeye hawezi kuanza. Anza wewe!"

Nikaanza. Nikajikohoza, na mdomo wangu, kwa mazoea yake, ukatoa sauti ya askofu, ile ya sikukuu, yenye mawimbi. "Bwaaana Yesu Kriiisto..."

"Siyo hiyo," Tadros akahema. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye vumbi. "Bishara... nakuomba. Siyo hiyo. Yako."

Mimi nina sauti ya askofu, ya shemasi mwenye mafua, ya mwalimu wa hesabu, ya mama wa Ustadh Rifaat akipiga simu kutoka Asyut. Ile yangu nilikuwa sijui iko wapi. Nikaitafuta, ikatoka nyembamba na mbaya, imepasuka katikati, na niliionea haya ingawa palikuwa na giza.

"Bwana Yesu Kristo," nikasema.

Akavuta. Nikavuta naye.

"Unihurumie."

Tukatoa. Yeye akaibakiza. Nje Abuna akaguna: "Bado! Anamficha Mungu hewa huyo!"

"Yote, Nyati. Usiweke akiba."

"Naogopa."

"Hata mimi. Haya. Bwana Yesu Kristo."

Tukaenda hivyo, paji langu limegusana na lake, pua yangu imejaa harufu ya halua. Polepole kule kuhema kwa mbwa kukashuka, kukawa kurefu. Mkono wake ukapata joto. Sikujua tena nani anaongoza na nani anafuata. Nilipochelewa yeye alianza, alipochoka nilimbebea neno. Halafu, katika "unihurumie" moja ambayo haikuwa na tofauti na zile nyingine, aliitoa yote, mpaka nikadhani hatavuta tena.

"Sasa!" nikapiga kelele.

Nje kulikuwa na mguno mkubwa kama wa ng'ombe wawili. Vifungo vya shati vikaruka, kimoja kikanipiga jichoni. Uso wa Tadros ukaondoka mbele yangu taratibu, kama mwezi unaorudi nyuma, na mwanga ukaingia pangoni wote kwa mara moja. Nje wakashangilia kama tumechukua kombe!

Nikatambaa nyuma yake. Tadros alikuwa amekaa mchangani, shati wazi, kifua kimechubuka, watu wanampigapiga mgongo. Nilitegemea kofi.

"Ulisikia?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Bishara."

"Nilisikia," nikasema.

Akainama. Halafu, mbele ya shule nzima, akasimama, akageuka, akapiga magoti, akaingiza kichwa kwenye ufa tena.

"Weee!" Ustadh Rifaat akapiga yowe.

Abuna Sarabamon akamdaka mkanda. "Unakwenda wapi, mwanangu? Nimeacha mgongo wangu humo!"

"Haikuwa siri, Abuna! Kanuni ilisema siri. Sijaitimiza, na Pasaka inakuja."

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Abuna hakucheka. Alipangusa jasho, akapekua mfuko wa kanzu yake nyeusi, akatoa funguo.

"Chini kule, nyuma ya tanuri, pana ghala la unga," akasema. "Mlango wake unapitisha punda na magunia yake. Ingia, funga kwa ndani, mwambie tena. Hatachoka kusikia."

Tadros akateremka mbio, shati linapepea. Sisi tukafuata, tukakaa kwenye kivuli mbele ya ghala na masufuria yetu ya maharage. Ndani hakukusikika kitu. Wenzangu hawakuweza kula kwa udadisi.

"Bishara, wewe ulikuwa naye. Aliomba nini?"

"Ni msichana, eti? Yule binti wa mwoka mikate?"

"Ni mtihani! Anaomba afaulu hesabu!"

"Tuambie, tutakupa halua yetu. Yote. Ona, haijaguswa."

Wakaisogeza. Ilikuwa ile yenye karanga. Katika maisha yangu sijawahi kuwa na habari nzuri hivyo, wala wasikilizaji wenye njaa hivyo, na sauti ya Tadros ndiyo niiwezayo kuliko zote.

"Sijui," nikasema. "Mawe yaliniziba masikio."

Ulikuwa uongo, tena wa Kwaresima, na nimeshauandaa kwa maungamo. Wakaniita mchoyo, wakaila halua yao mbele ya macho yangu, kijiko baada ya kijiko. Mimi nikaegemeza mgongo kwenye mlango wa ghala ili asije mtu akausukuma. Ndipo nikagundua kwamba kifua changu kilikuwa bado kinaendelea chenyewe, jina likiingia, huruma ikitoka, na sikuwa na haraka yoyote ya kukinyamazisha.