Mwalimu wa Kibanda cha Mizani

Marlys Engstad alipanga foleni nyuma ya lori la ngano ilhali yeye hakuwa na hata punje ya kupima. Dereva wa mbele alipandisha lori kwenye mizani ya maghala ya nafaka, akapewa karatasi yake, akaenda kumwaga mzigo ghalani. Zamu yake ilipofika, Marlys alisogeza gari juu ya bamba la chuma, akazima injini na kushusha kioo. Ndani ya kibanda alikaa Orrin Lindahl, mzee wa miaka sitini na minne, kofia ya maghala kichwani na kalamu sikioni.

"Gari tupu," alisema bila kumtazama. "Unapima nini, Marlys?"

"Nimekuja kuomba, Mwalimu."

Alimwita mwalimu kwa sababu ndivyo alivyomwita tangu ana miaka kumi na saba. Lindahl alifundisha somo la Serikali katika sekondari ya Tolvik, Dakota Kaskazini, kwa miaka thelathini na minne, na nusu ya mji ilipita mikononi mwake. Kisha, miaka mitatu iliyopita, bodi ya shule ikakaa kuamua kama iendelee kuwa na mwalimu kwa darasa la wanafunzi tisa, au inunue masomo ya kompyuta kutoka kampuni ya mbali. Wajumbe walikuwa saba. Watatu walitaka abaki, watatu walitaka aondoke. Wa saba alikuwa Marlys, naye akasema aondoke.

Sasa bintiye Britta, aliye darasa la mwisho, alikuwa akizama katika somo lile lile. Lilikuwa somo la Serikali la ngazi ya juu, lenye mtihani wa nchi nzima mwezi wa Mei unaosahihishwa kwa alama moja hadi tano, tano ikiwa ya juu kabisa. Katika jaribio la Machi Britta alipata moja. Mwalimu wa kompyuta hakuna aliyewahi kumwona uso. Ukimwuliza swali Jumatatu, jibu linakuja Alhamisi, mistari miwili, na mara nyingi ni jibu la swali la mtu mwingine. Chuo kikuu cha Fargo kilikuwa kimempokea Britta, lakini barua yao ilisema wazi: akianguka somo lolote muhula huu, nafasi inaangaliwa upya.

Marlys alikuwa ametafuta kila mahali. Alimpata kijana wa chuo aliyefundisha mara mbili kupitia simu kisha akaacha kupokea. Akampata mama mmoja wa jimbo jingine, ambaye ilibainika kwamba anasoma kitabu kile kile ukurasa mmoja mbele ya mwanafunzi. Mke wa mchungaji alijitolea kwa moyo wote, ila alisomea muziki. Mwalimu wa kweli wa karibu zaidi alikuwa maili tisini kutoka pale, na wanafunzi wake walishajaza nafasi zote. Ndiyo maana alikuwa juu ya mizani.

Alimweleza Lindahl yote hayo haraka haraka, macho kwenye usukani. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Imebaki wiki ngapi?"

"Tano. Kasoro siku mbili."

Lindahl alitoa kalamu sikioni, akaiweka mezani. "Siku ya kikao kile niliuliza swali moja tu. Unalikumbuka?"

"Uliuliza nani kati yetu amekaa darasani kwako hata saa moja mwaka ule."

"Na nilikuwa namtazama nani?"

"Mimi."

"Na wewe ulikuwa unatazama nini?"

"Karatasi zangu."

"Haya," mzee alisema, sauti ile ile ya kutaja uzito. "Lori liko nyuma yako."

Alirudi nyumbani. Britta alipomwuliza kama kuna habari yoyote ya mwalimu, alijibu kwamba bado anatafuta. Kwamba alikwenda maghalani hakusema. Kwa mumewe, Duane, pia hakusema, maana Duane angeuliza kwa nini alitarajia jibu tofauti.

Wiki iliyofuata Britta alianza kuchelewa kurudi. Alisema ni mazoezi ya mbio. Lakini viatu vyake vya mbio vilikuwa vikavu, na nywele zake zilinuka vumbi la ngano. Marlys aliona yote mawili akanyamaza, kwa sababu katika mkoba wa mtoto aliona pia insha iliyojaa wino mwekundu, na chini yake insha nyingine yenye wino mchache zaidi.

Jumapili wakiwa mezani Duane alianza kulalamikia vizuizi vya masika. Theluji ikiyeyuka barabara huwa laini, na malori hukatazwa kubeba mzigo kamili. Alisema kwenye barabara kuu ya taifa ruksa, akikunja kuingia ya kaunti marufuku, na yote ni nchi moja.

"Usiulize kama ni nchi moja, Baba," Britta alisema huku akijipakulia viazi. "Uliza nani kaamua, na nani kampa ruhusa ya kuamua. Barabara kuu, uzito wake unawekwa na serikali kuu, kwa kuwa ndiyo inayotoa fedha za matengenezo. Ile ya kaunti iko mikononi mwa kaunti, na kaunti imepewa mamlaka na jimbo. Wakuu watatu kwenye safari moja ya maili ishirini."

Duane alicheka, akasema hatimaye kompyuta imezaa matunda. Marlys hakucheka. *Nani kaamua, na nani kampa ruhusa.* Maneno hayo aliyaandika yeye mwenyewe kwenye daftari miaka ishirini na minane iliyopita, darasani kwa Lindahl, dawati la pili kutoka dirishani.

Alingoja Duane atoke kwenda kwenye mashine yake ya kupandia mbegu.

"Tangu lini?" aliuliza.

Britta aliendelea kufuta meza, kisha akaacha. "Wiki mbili sasa. Nilimwendea mwenyewe. Ananifundisha kati ya lori na lori."

"Mimi alinikatalia."

"Najua. Ameniambia." Msichana alikunja kitambaa mara mbili, tatu. "Na mimi alinipa sharti. Alisema kabla hatujafungua kitabu niende ofisi ya shule, niombe kumbukumbu za kikao cha Aprili miaka mitatu iliyopita, nizisome zote. Ni haki ya raia yeyote kuziona. Nikasoma, Mama. Majina yameandikwa moja moja, na kila mmoja alisema nini."

Jambo la kwanza lililompanda Marlys lilikuwa hasira. Alisema mzee amemtumia mtoto kulipiza kisasi, amemgombanisha na mama yake ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Hakukusema vibaya hata mara moja," Britta alisema. "Nilimwuliza kwa nini ulifanya vile. Akasema hilo swali ni lako, nikuulize wewe. Sijauliza. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Marlys aliketi. Alianza na sababu alizozisema kikaoni: paa la shule ya msingi lililokuwa likivuja, darasa la wanafunzi tisa. Zote zilikuwa kweli. Lakini mtoto alimtazama tu, na Marlys akajisikia anasoma karatasi. Basi akasema lile ambalo hata Duane hajaambiwa. Siku nne kabla ya kikao, Verlyn Stroh, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi wakati ule na mmoja wa waliotaka Lindahl aondoke, alimsimamisha nje ya posta. Stroh ndiye mwenye shamba la mashariki ambalo wao hulikodi. Hakumtisha. Aliuliza tu habari za ngano, akasema anafurahi kuona ardhi yake iko kwa watu wenye busara, halafu akasema tutaonana Jumanne.

"Basi," Marlys alisema. "Ni hayo tu. Nikaogopa."

Britta hakumkumbatia, wala hakumlaumu. Alitundika kitambaa, akasema kesho atachelewa tena.

Mkataba wa masomo ya kompyuta ulikuwa wa miaka mitatu, na ulirudi mbele ya bodi wiki ya mwisho ya Aprili. Sasa mwenyekiti alikuwa Marlys. Stroh alikuwa mjumbe wa kawaida, amekaa mkono wake wa kulia. Kikao kilianza saa kumi na moja jioni katika maktaba ya shule. Kwa kawaida huja watu wanne. Siku ile Marlys alihesabu arobaini, akaacha kuhesabu. Lindahl hakuwamo. Karatasi ya wananchi wanaotaka kusema ilikuwa na jina moja: Britta Engstad.

Stroh alilisoma akainama kwake. "Huyu ni mwanao, Marlys. Huoni haya?"

"Ni mwanafunzi wa shule hii," alijibu. Hata hivyo alimpa makamu wake saa ya kupimia muda, asije mtu akasema alimwongezea mtoto hata sekunde. Kila msemaji ana dakika tatu.

Britta alisimama, karatasi mkononi, na sauti yake mwanzoni haikufika nyuma. Mtu akasema hasikii. Akaanza upya. Alisema walioanza somo lile Septemba walikuwa kumi na mmoja na waliobaki ni wanne. Alitaja maswali aliyoyatuma kwa kompyuta na siku alizongoja kila jibu. Alisema hakuja kumlaumu mtu, kwa sababu bodi ilichaguliwa na watu na ilikuwa na haki ya kuamua ilivyoamua. Kisha akaweka karatasi chini.

"Ila nina swali moja. Mnataka kulinunua tena somo hili kwa miaka mitatu. Kuna yeyote kati yenu amewahi kukaa nalo hata saa moja?"

Makamu alitazama saa. Mjumbe mmoja alifungua chupa ya maji. Stroh alisema kwamba kwa utaratibu wajumbe hawajibu maswali ya wananchi, na alikuwa sahihi. Zilibaki sekunde arobaini, na Britta akabaki amesimama, akimtazama mama yake.

Marlys alihisi karatasi zake chini ya vidole. Hakuziangalia.

"Mimi sijawahi," alisema. "Na yule mwalimu wa kabla ya kompyuta, mwaka ule sikukaa darasani kwake hata dakika moja. Niliulizwa nikanyamaza. Naomba hilo liandikwe kwenye kumbukumbu."

Katibu alisita, kisha akaandika.

Walipiga kura kwa kuitwa majina. Ndiyo, ndiyo, hapana. Hapana. Stroh alisema ndiyo kabla jina lake halijamalizika kutajwa. Makamu akasema hapana. Tatu kwa tatu. Katibu akaita jina la mwenyekiti.

"Hapana," Marlys alisema.

Mkataba ukafa pale pale, na nafasi ya mwalimu wa Serikali ikatangazwa upya. Stroh alikusanya vitu vyake taratibu. Mlangoni alimwambia Duane, si Marlys, kwamba baada ya mavuno shamba la mashariki atampa mpwa wake. Duane aliendesha gari hadi nyumbani. Walipofika uani hakushuka. Alimwuliza mkewe kama kura ile ya kwanza nayo ilikuwa kwa ajili ya shamba hili. Marlys akasema ndiyo. Duane akakaa, mikono juu ya usukani.

"Ungeniambia," alisema. "Ningekwambia tulime shamba lililobaki."

Mtihani ulifanywa Jumatatu ya pili ya Mei. Hadi siku hiyo Britta alikuwa akienda kibandani kila alasiri, sasa bila kutaja mbio. Somo lenyewe alilimaliza kwa alama ya kati, na Fargo wakaandika kwamba nafasi yake ni salama. Matokeo ya mtihani yangekuja Julai.

Yalikuja siku ya joto kali, asubuhi. Marlys alikuwa akimenya njegere. Britta alikuwa kwenye ngazi za nyuma na simu yake, na mama alimwona mgongo ukinyooka ghafla. Hakugeuka. Alipiga namba, akaweka simu sikioni.

"Mwalimu Lindahl? Ni Britta." Akasikiliza kidogo. "Nne."

Marlys alisimama nyuma ya wavu wa mlango, mikono imelowa. Alielewa kwamba yeye ni wa pili kuambiwa, na kwamba hana la kudai. Aliusikia ukelele mfupi wa mzee ukitoka kwenye simu, kisha maneno mengi asiyoyapata. Britta alicheka, akajifuta macho kwa bega, kisha akageuka na kuuangalia mlango.

"Yupo," alimwambia mzee. "Ngoja."

Alimpa mama yake simu kupitia ufa wa mlango. Marlys aliipokea, asijue aanze vipi, akasema tu, "Asante, Mwalimu."

"Barua ya bodi nimeipata," Lindahl alisema. "Ya kuniita nirudi. Sirudi, Marlys. Nimechoka, na hapa kibandani napapenda. Lakini nimesikia mmempata mwalimu mpya, binti mmoja mgeni. Mwambie Jumanne niko huru. Nitakaa naye, nimwonyeshe somo."

"Nitamwambia."

"Na wewe uje," mzee alisema. "Ukae hata saa moja."

Alikata simu kabla hajajibiwa. Britta alikuwa bado kwenye ngazi, akingoja simu yake. Marlys alifungua mlango, akatoka, akaketi kando yake, na mtoto akasogea kumpa nafasi.