Taa Niliyoiziba

Kwa miezi minne sikuwa na wazo hata moja. Nasema wazo, sisemi kazi. Kazi zilikuwepo mbili tatu, harusi za miji yetu ya milimani, Naryn na Kochkor: bwana harusi anamzungusha bibi harusi, droni inapanda, maua yanadondoka taratibu. Nilizihariri huku nikizichukia. Mteja mmoja aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba video yangu ni nzuri, inafanana kabisa na ya harusi ya shemeji yake. Nilijifungia chooni nikalia.

Dada yangu Kunduz ana karakana ya kushona magauni huko Bishkek, mji mkuu. "Asilkan, cherehani ya tatu iko wazi," aliniambia kwenye simu. "Njoo Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Hiyo kamera umeibeba miaka sita kama mtoto asiyekua."

"Niache nifanye kazi moja tu, dada. Ikiharibika, nakuja."

"Moja, unasikia? Na usije na machozi, yanatia madoa kwenye hariri."

Kazi hiyo moja ilitoka kwa Ermek, kijana wa kijiji cha jirani. Yeye na mkewe wako Moscow, wanafagia maghala. Mtoto wao Bektur walimleta kwa bibi yake akiwa na miezi sita, na sasa alikuwa ameanza kusimama. Ilikuwa zamu yake ya kukatiwa kamba, desturi yetu kwa mtoto anayeanza kutembea: mtoto anafungwa miguu kwa kamba ya sufu nyeusi na nyeupe, watoto wa jirani wanashindana mbio, na mshindi anaikata kwa kisu ili njia ya mwenzake ifunguke.

"Dada, kukatwa kamba kila mtu atanirekodia kwa simu," Ermek alisema. "Wewe nitafutie kitu ambacho simu haina. Usiniulize kitu gani. Ningejua, ningekwambia."

Nilijaza daftari kwa mipango, nikalichana. Nikanunua jingine.

Siku yenyewe, Bibi Uulkan, mama yake Ermek, alinipokea mlangoni na kuikagua kamera kabla hajanisalimia. "Ina jicho jekundu hiyo. Watoto watalia, na wazee watakakamaa kama wanapigwa picha za pasipoti."

Nikaiziba ile taa ya kurekodi kwa kipande cha utepe mweusi. Nilijiona mjanja sana.

Jua lilikuwa kali, theluji ya milimani inalirudisha machoni, na skrini ya kamera haikunionyesha chochote isipokuwa pua yangu. Sikujali. Nilikuwa nawaza picha isiyowahi kupigwa na mtu. Mbio zilipokaribia kuanza nililala kifudifudi kwenye majani, nikabonyeza. Watoto wakaja wakitimua vumbi, akashinda msichana mmoja mwenye pengo, akapewa kisu, akakata. Bektur akasimama akishangaa, akapiga hatua tatu, akaangukia sinia la maandazi. Watu wakacheka, nami nikacheka, nikabonyeza kuzima. Moyoni nikasema, Kunduz, tafuta mshonaji mwingine.

Wageni walipoanza kula nyama nilijibanza nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha rundo la samadi kavu, nitazame nilichopata. Kumbe niliposhuka garini kidole kiliigusa kamera, ikaanza kurekodi bila mimi kujua. Kutoka hapo kila kitu kikaenda kinyume. Nilipobonyeza kuwasha, ilizima. Nilipobonyeza kuzima, iliwaka. Na taa ya kunionya nilikuwa nimeiziba mwenyewe. Mbio hazikuwemo, kisu hakikuwemo. Nilikuwa na saa nzima ya kamera inayoning'inia pajani mwangu: majani, buti, kwato, pindo za sketi.

Nilimfuata Bibi Uulkan jikoni, alikokuwa akichota mchuzi.

"Bibi, naomba turudie. Dakika mbili tu. Tumfunge kamba nyingine."

Upawa ukasimama hewani. "Nimfunge tena mtoto aliyekwisha kufunguliwa? Una akili wewe? Unataka njia yake ifungwe, aishie kwenye zizi hili?"

"Sikuipata, bibi."

"Shemeji yangu, aliyelewa tangu saa nne asubuhi, ameipata, tena kwa simu iliyopasuka kioo. Wewe uliyelala chini kama kondoo mgonjwa umepata nini?"

"Miguu."

"Miguu!" Akawageukia wanawake wenzake. "Jamani, njooni mumsikie! Amepata miguu!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Siku nne nilijifungia na ile miguu. Siwezi kudai niliona uzuri wowote. Niliona tu kwamba sina kingine. Niliacha sauti kama zilivyo: watu wanasengenyana juu, wasioonekana, na chini viatu vyao vinajibu. Niliacha miguu ya Bektur imefungwa, inakanyagana. Kisha picha inakatika, na inaporudi miguu ile ile imeachana, na vipande viwili vya kamba viko majanini. Niliacha viatu vya mpira vya Bibi Uulkan, maana ndivyo vilivyopita mara nyingi kuliko vyote. Sikuweka muziki. Nikamtumia Ermek dakika kumi na nne, kisha nikaanza kupanga nguo za kwenda Bishkek.

Alinipigia Ijumaa mchana. Nilisikia mashine zinanguruma nyuma yake.

"Dada, mama ameanza lini kuburuta mguu wa kushoto?"

Nikaivuta kompyuta karibu.

"Dakika ya tisa. Kwenye simu huwa amekaa. Kila siku amekaa, ananiambia mzima. Ameanza lini?"

"Sijui, kaka."

"Si wewe uliyepiga hizo picha?"

Mimi ndiye niliyepiga. Siku nne niliitazama ile miguu, nikahesabu mishono ya viatu vyake, na sikuona. Nilitafuta picha isiyowahi kupigwa, na ilikuwa mbele yangu ikichechemea.

Haikupita saa moja Bibi Uulkan naye akapiga. "Mchongezi wewe! Nimeuficha huu mguu tangu vuli! Sasa anaacha kazi, anakuja! Usinikanyagie tena hapa na hilo dude lako!"

Jumapili nilikwenda kumwomba radhi. Kamera niliiacha nyumbani, kwenye boksi, imefungwa kwa utepe ule ule mweusi. Alinifungulia, akaenda kunimiminia chai. Alichechemea waziwazi sasa, akishika meza, akishika ukuta, hana tena wa kumficha. Bektur alimfuata nyuma akishika sketi yake, wote wawili wakiyumba.

"Mbona mikono mitupu?" aliuliza.

"Ulinikataza, bibi."

"Nimekataza mangapi. Ermek anafika Alhamisi. Mtoto hamjui baba yake, atamkimbia. Nani atalirekodi hilo?"

"Kesho Jumatatu naanza kushona kwa dada. Nimeshaahidi."

Alinisukumia bakuli la chai, akakaa kwa shida, akaunyoosha ule mguu mbele yangu juu ya zulia, pale ambapo nisingeweza kutoutazama.

"Basi mwambie huyo dada yako utachelewa," alisema. "Na huo utepe wa kwenye taa uubandue."