Maandazi ya Hanuka

Tangu wahame Unguja mwezi wa nane, Nahla hakuwahi kutoa neno shuleni. Nyumbani alikuwa chiriku. Akivuka tu kizingiti cha ile chekechea ya Kichina mtaani Xiaobei, kimya. Mwalimu mkuu alikwisha kumwambia Zulekha, mama yake, bila kupepesa macho: mtoto asiposema hadi Januari, atafutiwe shule nyingine.

Kwa hiyo ulipokuja ujumbe kwamba kila mzazi alete kitu cha kukaangwa kwa mafuta, Zulekha hakuuliza cha nini. Aliamka alfajiri, akakanda unga, akatia iliki, akakaanga maandazi hamsini. Labda watoto wakishiba, mwanawe atapata wa kuzungumza naye.

Saa nne alirudi kuchukua sinia lake. Ndani, watoto wamezunguka vinara vya karatasi, na mama wa Kiyahudi, yule mnunuzi wa mikoba ya ngozi kwenye soko la Shiling, amekaa na mwanawe. Katikati yao, maandazi yake. Zulekha alifura. Akamwita mlangoni Gaudiosa, mwanafunzi wa chuo kutoka Bukoba anayesimulia watoto hadithi kila Ijumaa.

"We dada, ndo nini hii?"

"Ni Hanuka, mama Nahla. Sikukuu yao. Wanakula vya mafuta kukumbuka taa ya hekalu lao."

"Na maandazi yangu yamehusu nini? Nani kakupa ruhusa?"

"Idi tulisimulia ya Idi. Kaimati zako wakazila hao hao. Siku ile hukuuliza ruhusa ya mtu."

Lilikuwa la kweli, na ndiyo maana lilimchoma. Alikuwa anatafuta tusi la kujibu aliposikia sauti ndani. Ya Nahla. Kwa Kichina chepesi ambacho hata mama yake alikielewa, mikono juu, anawasimulia wenzake: mfalme mbaya alizima taa ya watu, mafuta yakabaki ya siku moja tu, wakawasha, ikawaka, ikawaka...

"Anasema!" Gaudiosa alimshika mkono. "Msikilize!"

Alimsikia. Miezi minne ameiomba sauti ile kila sala, nayo imekuja kutokea kwa taa ya watu wengine! Wivu ulimpanda kichwani. Aliingia, akanyakua sinia, akamvuta mtoto kwa mkono. Nahla akafunga mdomo katikati ya neno.

"Mungu akusamehe," Gaudiosa alisema, "maana mimi leo siwezi."

Hasira hasara. Siku hiyo Nahla hakusema hata nyumbani. Aliulizwa njaa, kimya. Aliulizwa kiu, kimya. Hata ile "meiyou", yaani "hakuna", aliyoiokota kwa wauza nguo na anayokatalia kila kitu kuanzia uji hadi kuoga, hakuitoa.

Baada ya magharibi Zulekha aliketi sakafuni mbele yake, na sinia la maandazi yaliyopoa.

"Palikuwa na mfalme mbaya," alianza, meno yameumana. "Akazima taa ya watu. Mafuta yakabaki ya siku moja. Wakawasha. Ikawaka... siku tatu."

Nahla aliinua macho, yamejaa ghadhabu.

"Nane."

"Ngapi?"

"Nane! Kumbe hata huijui! Sasa ulininyamazishia nini?"

Zulekha alilisogeza sinia.

"Isimulie basi wewe. Na Jumatatu ukaimalizie kule kule."

Nahla alichukua andazi moja, akampa mama yake mgongo, akaanza upya.