Kidonda cha Wageni

"Fungua," alisema Gaudens.

Eufrazia akapiga magoti kwenye sakafu ya ghala, akashika kifundo cha mguu wa mwanawe na kuanza kukibandua kitambaa. Kilikuwa kimegandamana na usaha. Alipokivuta, Jovina alijikunja, akauma ukosi wa gauni lake, asilie. Alikwisha kufundishwa kwamba kulia kuna wakati wake, na gari la wageni lilikuwa bado halijakata kona ya Chang'ombe.

Harufu ikapanda. Watu waliokaa karibu wakageuza nyuso. Kidonda ndugu kilikuwa kimeula muundi wa mtoto, upana wake kama kiganja cha mtu mzima, kingo zimetuna, katikati rangi ya ukungu wa mkate. Gaudens akaziba pua kwa leso, akainama, akakitazama kama mtu anayechagua papai sokoni.

"Vizuri. Kiache hivyo hivyo. Usikipanguse."

Gaudens ndiye aliyekuwa karani wa mahali pale: kaptura nyeupe iliyopigwa pasi, soksi ndefu, funguo zikimlialia kiunoni. Zamani ghala lile lilikuwa la sufi. Kamati ya mabibi wa Kizungu ililichukua ili kuwasitiri watu waliovuka Ruvuma wakiwakimbia Wareno na pamba yao ya lazima. Mlangoni walitundika ubao: NYUMBA YA HURUMA. Sufi ya zamani ilikuwa bado imenasa kwenye mapaa, na upepo ukivuma iliwadondokea watu vyunguni.

Wageni walifika. Bibi mmoja alipouona mguu alishika kifua, machozi yakamtoka, akampa Jovina biskuti. Baada ya siku chache likaja lori: mablanketi, maziwa ya makopo, sabuni. Yaliingia kwa mlango wa mbele watu wakipiga makofi, yakatoka kwa mlango wa nyuma juu ya mkokoteni, kuelekea duka moja la Keko. Kilichobaki ghalani ni unga uliovunda. Eufrazia aliuchekecha kwa kanga, akawatupa funza, akasonga ugali.

Jioni ile alimfuata Gaudens mezani kwake.

"Bwana karani, naomba dawa ya mtoto. Lile kabati nimeliona, limejaa."

"Nani kasema dawa haipo, mama Jovina? Ipo. Lakini tumia akili. Bibi akija akakuta mguu umepona, atatoa nini? Mguu ule ndio unaolisha ghala zima. Hata wewe unakula kwa mguu ule."

"Mtoto halali."

"Kwa Wareno alikuwa analala?"

Kwa Wareno, mume wa Eufrazia alifungwa kamba shambani kwa kuwa pamba yake haikutosha, akarudi viganja vimevimba kama mikate kwa kupigwa, hawezi kushika hata tonge. Vilipoanza kupona walimfuata tena, na safari hiyo hakurudi.

"Basi nipe cheti nimpeleke hospitali ya mjini."

"Ukishampeleka wakamtibu, tumerudi palepale." Gaudens alifunga droo. "Na usitoke bila cheti. Askari akikukamata utamwambia umetoka wapi? Meli ya Lindi ipo, na Ruvuma haijahama."

Aliyemsaidia ni Mwanakombo, mjane wa Kizaramo aliyekuwa akiuza vitumbua kwenye ua wa michongoma, upande wa nyuma wa ghala. Hakuombwa. Siku moja alisukuma matawi, akachungulia.

"Shikamoo, bibi," Eufrazia alisema.

"Marahaba. Hebu mlete huyo mtoto hapa. Mie nina pua, mwanangu. Mtoto anaoza huyu, nanyi mnamwangalia!"

Tangu hapo, alfajiri kabla Gaudens hajafika, Mwanakombo alipitisha uani kopo la maji ya moto ya chumvi na mrututu uliosagwa, ile dawa ya buluu ya vidonda. Eufrazia alikiosha kidonda, akakinyunyizia, huku Jovina akimkwaruza mabega kwa uchungu. Kisha akakifunga kwa kitambaa kilekile kichafu ili karani asishuku. Polepole uvundo ukapungua. Nyama ikawa nyekundu, halafu ya waridi, halafu likafunga gamba. Mtoto akaanza kulala. Asubuhi moja Eufrazia alimwona akirukaruka kwa mguu mmoja na wenzake, akisukuma kigae, na alipouchosha mguu mzima akaukanyagia ule wa kidonda bila kujijua. Eufrazia akacheka peke yake, mpaka mwanamke aliyekuwa akitwanga karibu akamuuliza kuna nini.

Gaudens naye aliona. Alikuja, akamwita mtoto, akafungua kitambaa kwa ncha ya fimbo.

"Nani kakuruhusu?"

"Ni mwanangu, bwana karani."

"Mwanao, ndiyo. Kidonda ni cha kamati." Hakupaza sauti. "Jumatano anakuja Bibi Mkubwa kutoka Uingereza, na kamera. Amesimuliwa habari za mguu huu huko huko kwao. Nimwonyeshe nini? Gamba?"

"Nitafagia. Nitakufulia nguo zako."

"Wafagiaji ninao. Mguu ndio sina." Alinyoosha fimbo kuelekea geti. "Pale nje kuna watu wamelala na mtoto wao, mguu umeoza mpaka gotini. Wanaomba hata kibaraza. Nafasi ni za wenye shida, mama Jovina. Waliopona wanarudi kwao. Meli inaondoka Alhamisi."

Eufrazia alikwenda uani. Mwanakombo alimsikiliza mpaka mwisho, mwiko ukiwa hewani, mafuta yakiungua.

"Ningekuchukua," alisema. "Wallahi ningekuchukua leo hii. Lakini jumbe kapita nyumba kwa nyumba: atakayemficha mtu wa ng'ambo ya Ruvuma atafungwa, na kibanda kitabomolewa. Mie nina kibanda hicho kimoja tu, mwanangu."

"Najua, bibi."

Mwanakombo alifunga vitumbua kwenye jani, akavipitisha kati ya miiba bila kumtazama usoni.

Jumatano asubuhi ghala lilifagiliwa na watu wakapangwa mistari. Eufrazia alimshika Jovina mkono, wakaenda nyuma ya choo. Akakaa chini, akaupakata ule mguu.

"Angalia, mama, hakiumi tena," Jovina alisema. Alikigusa mwenyewe kwa kidole kuonyesha. "Si umeona?"

"Nimeona."

Akamkumbatia kichwa kifuani, akambana kwa mkono mmoja. Hakuwa na kisu. Alitumia kucha. Gamba lilikuwa gumu kuliko alivyodhani, likang'oka vipande vipande, na chini yake ile ngozi mpya, nyembamba kama utando wa yai, ikachanika. Jovina alipiga kelele moja tu. Baadaye alikuwa akimtazama mama yake kama anavyotazamwa mtu mgeni. Eufrazia akachota vumbi, akalipaka.

Bibi Mkubwa alikuwa mzee mwembamba, mwenye kofia pana na sauti ya upole. Gaudens alimwongoza moja kwa moja mpaka kwenye ule mguu, na alipoiona damu akamtupia Eufrazia jicho, akatikisa kichwa kidogo kwa kuridhika. Yule bibi alisema maneno mengi.

"Anauliza mnatendewaje hapa," Gaudens alitafsiri.

"Mwambie tunashukuru."

Kamera ikafunguliwa. Jovina akasogezwa juani, akaambiwa aunyooshe mguu, auinue kidogo, atulie. Nzi wa kijani akatua katikati ya kidonda, akaanza kutembea. Eufrazia akapunga mkono amfukuze.

Bibi Mkubwa akasema neno, jicho lake likiwa bado kwenye kamera.

"Mwache," alisema Gaudens. "Anasema umwache, atatokea vizuri pichani."

Wa pili akatua, kisha wa tatu. Eufrazia akaurudisha mkono chini ya paja, akaukalia.