Rozari Iliyofungiwa Kabatini

Mwanangu Cresensia anasomea mambo ya plastiki chuoni Arusha. Alipokuja Rhotia mara ya mwisho aliniletea rozari aliyoitengeneza mwenyewe, punje zake nyeupe kama maziwa. Alisema ndani ya plastiki ameweka unga unaokunywa mwanga na kuutoa polepole gizani. Kinachomsumbua ni kupata plastiki inayopitisha mwanga lakini isiyopitisha maji, maana unga ule ukilowa unaharibika.

"Itumie kila siku, mama, hata ukitoka kuosha vyombo. Jumamosi naifuata nikaipime. Ninayo hiyo moja tu."

Jumatano nilishinda uani napepeta maharage, rozari shingoni. Jioni sala ya jumuiya ilikuwa kwa Laurencia, mwenyekiti wetu. Mvua ikaja, tukafunga madirisha, na umeme ukakatika. Tulipofika tendo la tatu la rozari mkono wangu ulikuwa unawaka kijani.

Laurencia aliiacha Salamu Maria katikati. "Mama Cresensia, usitikisike."

"Ni plastiki, mwenyekiti. Cresensia ndiye kaipika."

"Kwani Mungu anashindwa kutumia plastiki?"

Akaichukua rozari mkononi mwangu, akaifunga kwenye kitambaa cheupe na kuifungia katika kabati la vikombe. Ikae humo, akasema, mpaka Padre aje Jumapili.

Ijumaa nilirudi kuidai. Laurencia alikuwa ameketi karibu na mahindi yaliyoanikwa, amejiinamia. Shemeji yake, mzee Hhando, alikuwa pembeni na blanketi lake begani na sufuria mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," Laurencia aliitikia kwa sauti ndogo. "Mama Cresensia, imezima. Usiku uleule. Nimejichunguza dhambi zangu sana. Nimemrudishia shemeji sufuria yake, bado haiwaki."

"Kuna jembe pia," Hhando alisema.

"Jembe nimekupa jana."

"Hilo ni la jirani Simon. Langu lina mpini mwekundu."

Laurencia akaingia ndani, akatoka na jembe la mpini mwekundu na rozari kwenye kitambaa chake. Aliifunua taratibu, akachungulia, akatikisa kichwa.

Ningeweza kunyamaza, maana na ungo wangu mmoja alioazima haujarudi. Lakini kesho yake mtoto alikuwa anakuja. Nikaichukua rozari, nikailaza juu ya mkeka, juani.

"Muujiza unaanikwa na mahindi?" Hhando aliuliza.

"Mzee, tuazime blanketi."

Jua lilipokwisha kuishibisha tuliinama wote watatu, tukajifunika vichwa mchana kweupe, kuku wakitushangaa. Rozari ikawaka kijani hadi meno ya Hhando yakaonekana.

"Kabatini ilikosa mwanga," nikasema. "Si kwa sababu yako."

Laurencia aliigusa punje moja humo ndani ya blanketi. "Kwa hiyo mimi sina dhambi."

"Hilo plastiki haiwezi kulipima, mwenyekiti."

Akacheka mpaka blanketi likatudondoka. Kisha akaikusanya rozari, akanitia mkononi na kuvikunja vidole vyangu juu yake.

"Mwambie Cresensia anitengenezee na mimi. Ila iwake muda mrefu kuliko hii. Kabati langu lina giza."

Tulipogeuka, Hhando alikuwa ameshafika barabarani, blanketi kwapani, sufuria mkononi na jembe begani, anakwenda haraka kabla mwenyekiti hajabadili mawazo.